Kubadilisha klachi ya feni kwenye Hilux mwenyewe, na kwa nini usikubali ichomelewe

Hilux yangu ni ya injini ya 5L, ile dizeli ya cc 2986 isiyo na tabo, na kwa muda mrefu ilikuwa haina neno kwenye tambarare, natoka Dar mpaka Morogoro mshale wa temp umetulia chini ya katikati kama umechorwa, ila nikiipakia gunia za vitunguu nikaanza kuupanda Kitonga, na mshale nao unapanda. Nikifika juu nikashuka upande wa pili unarudi wenyewe. Hiyo tabia peke yake ingetosha kunieleza ugonjwa, ila mi nilikuwa sijui.

Fundi wa kwanza akasema toa themostati, kale kavalvu kanakozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Wa pili akasema themostati haina kosa, feni ndo imelegea, dawa yake ni kuichomelea iwe dairekti. Nikakubali, na kweli gari ikaacha kuchemsha, nikamsifia jamaa kijiwe kizima. Afu ikaanza: kelele kama ndege inataka kupaa kila nikikanyaga mafuta, nguvu imepungua, dizeli inanyweka, belti inalia asubuhi, na baada ya miezi michache pampu ya maji ikaanza kudondosha. Nikajikuta nanunua pampu na klachi kwa mpigo. Kazi yenyewe niliifanya kwa mkono wangu Jumamosi moja, masaa matatu na chai ya katikati, kwa hiyo naandika ili wewe usipite nilikopita.

Klachi ya feni ni lile donge la alumini katikati ya feni lenye mapezi kama ya injini ya pikipiki, wengine wanaiita viskasi. Ndani yake hamna disiki kama klachi ya gia, kuna mafuta mazito ya silikoni. Usoni, upande unaotazama rejeta, kuna kaspringi kamejizungusha kama ka kwenye saa ya zamani. Hewa inayopita kwenye rejeta ikiwa ya moto, kaspringi kanajikunjua kanafungua kitundu, mafuta yanaingia kwenye mifereji ya ndani, feni inashikwa na kuzunguka karibu sawa na puli. Hewa ikipoa mafuta yanarudi stoo, feni inateleza inazunguka kivivu. Sasa mafuta yakishavuja au kaspringi kakifa, feni inabaki kivivu siku zote. Kwenye lami ukiwa 80 hujui kitu kwa sababu upepo wa mwendo unaipoza rejeta bure, ila mlimani uko gia ya pili, mwendo kama wa baiskeli, injini inafanya kazi kwelikweli, hapo hamna upepo mwingine zaidi ya feni. Ndo maana Kitonga ilisema ukweli na barabara ya Moro ikanificha. Foleni ya Dar mchana na AC imewashwa nayo inasema ukweli huohuo.

Ukitaka kupima, zima gari, ikiwa baridi kabisa zungusha feni kwa mkono. Nzima inakupinga kidogo, unahisi kitu kizito ndani kama unakoroga uji ambao unataka kushika, ukiiachia inasimama haraka. Iliyokufa unaipiga kofi inazunguka raundi tatu nne kama feni ya dari. Halafu fanya hivyohivyo gari ikiwa imetoka safari ina joto, ukiwa UMEZIMA na funguo iko mfukoni: nzima inakuwa nzito zaidi kuliko ilivyokuwa baridi, na kama hamna tofauti basi haishiki. Angalia pia kama kuna vumbi limegandamana na mafuta meusi kuzunguka shafti au kaspringi, hayo ni mafuta ya silikoni yanatoka. Mwisho shika ncha ya panga la feni itikise mbele nyuma, kucheza kidogo sana ni kawaida, ila ikicheza kama nusu sentimita na zaidi beringi ya ndani imeenda, usiendelee kuitembelea maana ikiachia feni inaingia kwenye rejeta.

Kuna watu wanapima kwa kuingiza gazeti lililokunjwa kwenye feni gari ikiwa inaunguruma ili waone kama inasimama. Usifanye, vidole havina spea.

Na ukiwasha gari asubuhi ukasikia feni inavuma dakika ya kwanza halafu inanyamaza, usishtuke, ndo uzima huo, mafuta yalikuwa yametuama usiku. Inayovuma kutwa nzima ndo imegoma kuachia.

Kabla hujanunua chochote hakikisha mengine hayahusiki. Mfuniko wa rejeta mpira wake uwe haujakatika (umeandikwa 0.9 au 1.1 juu, nunua namba ileile), rejeta isiwe imezibwa na udongo na nyasi kwa mbele, na themostati iwepo. Waliokutolea themostati hawakukutibu, injini ya dizeli inayotembea baridi muda wote inakula mafuta na inaisha mapema.

Kwenye kununua nenda na ya zamani mkononi kama gari inaweza kulala juu ya mawe siku moja, au basi piga picha na upime. Gerezani pale Dar, kwenye maduka ya spea, utaonyeshwa klachi za kila aina na zote utaambiwa orijino. Vya kulinganisha ni matundu ya kufungia kwenye puli, matundu ya kufungia feni, na urefu kutoka kwenye puli mpaka usoni, kwa sababu ikiwa ndefu kidogo tu feni inagusa rejeta. Ishike mkononi uizungushe, inatakiwa iwe nzito, laini, isiyokwaruza. Ikizunguka bure iko dukani, rudisha palepale. Za mtumba toka Japani mi sizipendi kwa kitu hiki, hujui imelazwa kontena miezi mingapi, na klachi hizi hazitakiwi kulazwa kifudifudi, zinawekwa zimesimama kama zilivyo kwenye gari la sivyo mafuta yanatafuta njia ya kutoka. Hata mpya ukitoka nayo dukani isimamishe.

Vifaa ni vya kawaida, spana na boksi za namba 10, 12 na 14, racheti yenye kiungo kirefu, bisibisi, beseni safi, kipande kikubwa cha boksi la karatasi gumu, brashi ya waya na WD-40.

Gari iwe imepoa. Narudia, imepoa, sio imepumzika, maana mfuniko wa rejeta ukiufungua kwa moto maji yanakuja usoni. Toa teminali ya negativu kwenye betri. Fungua koki ya chini ya rejeta utoe lita tatu nne kwenye beseni ili uweze kutoa hozi ya juu bila kuoga, na hiyo kulanti (dawa ya rejeta iliyochanganywa na maji) iweke mbali na mbuzi na mbwa, ni tamu na inaua.

Sasa hapa ndo pa ujanja wenyewe. Feni na puli vimefungwa pamoja kwenye pampu ya maji kwa nati nne, ziko nyuma ya klachi, zinaonekana ukichungulia kwa pembeni. Watu wanaanza kulegeza belti, afu wakija kwenye nati kila wakivuta spana puli inazunguka nayo, wanaishia kuingiza bisibisi kwenye mapezi ya feni na kuyavunja. Usilegeze belti kwanza! Belti ikiwa imekaza ndo inakushikia puli. Puliza WD-40 kwenye nati, nenda kanywe chai, rudi, bonyeza belti kwa mkono mmoja upande mrefu ili ikaze zaidi, mkono mwingine piga spana kwa mshtuko mfupi badala ya kuvuta polepole. Zilegeze zote nne robo raundi tu. Zikishakubali zote ndo unakwenda kwenye oltaneta unalegeza belti.

Toa hozi ya juu, toa bolti za kava la feni, lile plastiki linalozunguka feni, lisogeze lilalie upande wa injini. Teremsha lile boksi la karatasi katikati ya rejeta na feni. Usilidharau hilo boksi, mi mara ya kwanza niliona napoteza muda, spana ikachomoka ikala mapezi ya rejeta eneo la kiganja kizima, nikakaa nusu saa nanyoosha kimoja kimoja kwa kibati. Malizia nati nne kwa vidole, shika feni isikudondokee, vuta mbele kidogo kisha nyanyua feni, klachi na kava vyote pamoja. Puli nayo sasa haina kinachoishika zaidi ya belti, kwa hiyo usishangae ikikufuata.

Wenye Defender za Tdi msinifuate hapo kwenye nati nne, yenu ina nati moja kubwa ya namba 32 na inafunguka kinyume, ukiikaza ukidhani unafungua utalala hapo.

Ukiwa umeshafika huko ndani, zungusha shafti ya pampu ya maji kwa mkono. Ikiwa inakwaruza, inacheza, au kuna mstari wa chumvi umetiririka toka kwenye kale katundu ka chini ya pampu, badilisha sasa hivi kabisa, usirudishe vitu juu ya pampu inayokufa. Belti zikiwa na nyufa nazo muda wake ndo huu. Na rejeta ioshe kwa maji ya kawaida toka upande wa injini kwenda mbele, utashangaa panzi na udongo unaotoka.

Feni inafungwa kwenye klachi kwa bolti nne ndogo. Kabla hujaitoa weka alama kwa rangi au chokaa upande unaotazama rejeta, kwa sababu ikigeuzwa itaingia vizuri tu, itazunguka vizuri tu, ila hewa inavuta kiduchu na utarudi kulaumu klachi mpya. Kagua kila panga kama lina ufa kwenye shina. Likiwa na ufa usigundishe kwa gundi, feni ikipasuka kwenye mwendo inatoboa boneti. Kaza kwa mpishano, sio kuzunguka kwa mpangilio, na kwa nguvu ya mkono wa kawaida, bolti za namba 10 zinakatika kirahisi na kutoa kipande kilichobaki kwenye alumini ni stori nyingine.

Kurudisha unashusha kava na feni pamoja tena, unapanga puli na klachi kwenye stadi (zile bolti zilizochomoza kwenye pampu), nati nne kwa vidole mpaka zikae sawa, unakaza belti mpaka ukiibonyeza kwa kidole gumba katikati inashuka kama sentimita 1, na hapo tena belti inakushikia puli wakati unamalizia nati. Funga kava, halafu kabla ya kitu chochote zungusha feni kwa mkono raundi nzima uangalie haigusi kava popote, mi yangu iligusa chini kwa sababu kibanio kimoja cha kava sikukirudisha. Toa boksi la karatasi!! Hesabu spana zako.

Rudisha hozi ya juu, koki ya chini na teminali ya betri, kisha jaza kulanti na maji safi nusu kwa nusu, sio maji ya bomba matupu. Washa ukiwa umeacha mfuniko wazi na hita ya ndani imefunguliwa mpaka mwisho, minya minya hozi ya juu mapovu yatoke, ongeza kadri inavyoshuka, ukiona hozi imekuwa ya moto ujue themostati imefunguka, funga mfuniko. Wakati wote huo hamna shati la mikono linaloning'inia, hamna tai, na watoto wakae mbali na boneti.

Dakika ya kwanza itavuma, afu itanyamaza. Iache kwenye silensa, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, mpaka iwe moto kweli, utasikia inaanza kuvuma tena yenyewe, na mshale unasimama. Nilivyousikia huo mvumo wa pili nilicheka peke yangu. Baada ya kama kilomita 100 rudi ukazikague nati zote nne injini ikiwa imepoa.

Jambo moja kwa walioko Dar msimu wa mvua: aliyechomelea feni asijaribu kupita kwenye maji yaliyofika bampa pale Jangwani, feni iliyofungwa dairekti ikichota maji mapanga yanajikunja kwenda mbele na kuikata rejeta. Ya klachi walau inateleza, japo na yenyewe nisingeipeleka kwa makusudi.

Ya zamani kama beringi haichezi usiitupe. Zile ambazo nusu zake mbili zimeshikwa kwa bolti ndogo unaweza kuzifungua, ukasafisha, ukaweka mafuta ya silikoni mapya, Toyota wanayauza kwenye tyubu ndogo za mililita 18. Usiweke oili ya injini wala grisi hata fundi akuapie. Yangu ilikuwa imeshachomelewa, kwa hiyo sasa hivi inazuia mlango wa banda la kuku.