Granola za vipande bila oveni: ukiweza kashata, hizi unaziweza

Watoto wangu wanatoka nyumbani Buhongwa, hapa Mwanza, bado giza giza, daladala za kwenda mjini saa hiyo zimejaa, wakifika shule ni mpaka saa nne ndo wanatia kitu mdomoni. Zamani nilikuwa nawapa hela. Wananunua barafu, pipi za rangi na biskuti, alafu mchana wanarudi wananiambia mama njaa, na hela imeisha. Ndo nikaanza kuwatengenezea hizi granola za kukata vipande, na sasa nina uzoefu wa kutosha kumwelekeza mtu hatua kwa hatua, maana kuna mambo hayaandikwi kwenye yale maelekezo ya watu wenye oveni kubwa na umeme usiokatika.

Kwanza niseme hivi, usiogope jina. Granola ya vipande ni ndugu wa damu na kashata. Kashata ni karanga na sukari iliyoyeyushwa, imemwagwa, imebanwa, imekatwa. Hii nayo ni hivo hivo ila unaongeza oti na mbegu, sukari unaipunguza, na asali pamoja na siagi ya karanga ndo zinafanya kazi ya kushikisha. Kama ulikua unamuona bibi au shangazi yako akipika kashata basi mikono yako inajua tayari, kilichobaki ni vipimo.

Vipimo vyangu ni hivi, na kikombe ninachosema ni kile cha mililita 250. Oti vikombe 2, ila chukua zile kubwa zilizobanwa bapa, zile laini za uji wa dakika moja zinageuka tope. Karanga kikombe 1. Ufuta robo kikombe, na mbegu za maboga au za alizeti zilizomenywa robo kikombe. Kwenye shira ni asali robo kikombe, sukari robo kikombe (ya brauni ni nzuri, sukari guru iliyokwanguliwa ni nzuri zaidi), siagi vijiko viwili vya chakula, au mafuta ya alizeti kama siagi hamna. Alafu siagi ya karanga nusu kikombe, chumvi robo kijiko cha chai na iliki kidogo uliyoitwanga mwenyewe. Zabibu kavu ukipata weka nusu kikombe, ukikosa acha. Hapo unapata vipande kama 14 au 16 kwenye trei ya sentimita 20 kwa 20.

Oti zikiwa bei juu, punguza kikombe kimoja uweke mtama uliopasuka. Mtama mkavu ukiutupia kwenye sufuria yenye moto mkali na kuufunika unapasuka kama bisi, vidogo vidogo, vinakuwa vitamu sana kwenye hii kitu na watoto wanavipenda kuliko oti zenyewe. Mi nafikiri kanda yetu hii ya mtama tungekuwa tunafanya hivo muda wote.

Sasa karanga, hapa naomba tukae kidogo. Karanga ndo roho ya hii granola na ndo zinaweza kukudhuru. Kuna siku nilinunua karanga sokoni, kilo mbili, juu zimependeza, nimefika nyumbani kumwaga kwenye ungo nakuta za chini zimesinyaa, zingine zina ukungu wa kijani, zingine nyeusi ndani. Iliniuma, kwa sababu ile ni sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, inajitengeneza humo, na sumukuvu ikizidi inaharibu ini. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara walikufa kwa chakula chenye sumukuvu, sio hadithi hiyo. Na kukaanga hakuimalizi, joto la jikoni linaipunguza tu kidogo, kwahiyo usijidanganye kwamba moto utasafisha. Siku hizi nina mama mmoja mzee nachukua kwake, nikifika ni "Shikamoo mama", ananijibu "Marahaba mwanangu, mwangaluka" (salamu ya Kisukuma), namuuliza hizi za lini, ananiambia za msimu huu au za zamani bila kunificha, alafu anainamisha gunia niangalie za chini. Nyumbani namwaga kwenye ungo mwangani nachagua moja moja. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, iliyotoboka, yote natupa. Natupa kweli, sio kuku wapewe, kuku nao wanaumwa.

Zikishachaguliwa kaanga kwenye sufuria kavu moto mdogo, unageuza bila kuacha, dakika kumi au zaidi kidogo mpaka ukimenya moja ndani iwe na rangi ya dhahabu hafifu. Zitoe zikiwa hazijaiva kwa asilimia mia, maana zinaendelea kujiivisha zikiwa za moto. Zipoze, zisugue kwa mikono, toka nje upepete. Huku kwetu mchana upepo unatoka ziwani, nasimama barazani naurusha ungo mara tano sita maganda yote yameenda. Alafu zipondeponde kwenye kinu, kila moja iwe vipande vitatu vinne. Usiziache nzima, kipande kitakatika ovyo, na kwa mtoto chini ya miaka mitano karanga nzima inaweza kumkaba. Kama una mdogo wa hivo zitwange kabisa ziwe kama chenga za ugali.

Oti nazo zinakaangwa kavu, dakika sita au saba, mpaka nyumba inukie kama mkate. Watu wengi wanaruka hii hatua alafu wanasema granola ina ladha ya karatasi. Ni kweli, oti mbichi ina ladha hiyo. Ufuta kaanga peke yake mwishoni, dakika mbili tu, na ukae hapo hapo na kifuniko mkononi, ukianza kurukaruka na kulia tiki tiki toa haraka, ukichelewa unakuwa mchungu na uchungu wake unaharibu trei zima.

Changanya vyote vikavu kwenye beseni kubwa. Andaa trei kabla hujagusa shira, naomba uzingatie, kwa sababu shira haikusubiri. Tandika karatasi ya kuokea, kama hamna paka mafuta kwenye trei vizuri mpaka kwenye kona. Hata sinia la kawaida linafaa, unasogeza mchanganyiko upande mmoja.

Haya, shira. Hapa ndo granola inapatikana au inapotea, kwahiyo simu weka mbali. Weka asali, sukari na siagi kwenye sufuria nzito, moto mdogo. Kama ni mkaa, punguza makaa ubakize machache, kama ni gesi weka ile ya chini kabisa. Koroga mpaka sukari iyeyuke usisikie tena michanga chini ya mwiko. Ikianza kutoa povu acha ichemke dakika tatu hadi nne. Povu la mwanzo ni kubwa na jepesi linapanda haraka, alafu linashuka na mapovu yanakuwa madogo mazito, yanapasuka taratibu. Hayo ya pili ndo unayoyataka.

Kuna kitu kilinisumbua sana mwanzoni. Maelekezo mengi yanakwambia shira ifike nyuzi 115. Nikanunua kipimajoto, nikafuata, ikatoka ngumu mpaka mtoto akaumia fizi. Kumbe sisi tuko juu. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 hivi kutoka usawa wa bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi na sio 100 kama Dar au Tanga, na shira nayo maji yake yanapungua mapema, ukisubiri 115 imeshapitiliza. Kwahiyo mtu wa Mwanza, Musoma au Bukoba mwenye kipimajoto apunguze kama nyuzi 4, aishie 111. Ila mi natumia bakuli la maji baridi tu, kama wapika kashata wote. Dondosha tone moja la shira kwenye maji, subiri kidogo, liguse kwa vidole. Likitawanyika bado. Likijikusanya likawa donge laini unaloweza kulibonyeza kama ugali wa moto, hapo hapo toa jikoni, granola yako itakuwa laini ya kutafuna. Ukitaka ya kukatika kwa mlio ongeza dakika moja tone liwe gumu kidogo. Likigonga bakuli ko! kama jiwe umepitiliza, hiyo usiilazimishe, mwagia karanga tu upate kashata.

Msimu wa mvua naipeleka mbele kidogo kuliko kiangazi. Asali na sukari zinavuta unyevu wa hewa, na sisi wa kandokando ya ziwa unyevu tunao, granola iliyokuwa imeshika vizuri asubuhi jioni inakuwa inanata vidoleni.

Kuhusu asali, ikiganda usidhani umeuziwa feki. Asali halisi inaganda, nyingi ya Tabora ninayonunua inaganda, unaweka chupa kwenye maji ya uvuguvugu inarudi. Na mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja usimpe hii kitu wala asali yoyote, hata iliyopikwa, maana kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa moto wa jikoni na tumbo lake halijaweza kupambana nao.

Shira ikishuka jikoni weka siagi ya karanga, chumvi na iliki, koroga mpaka iwe kitu kimoja kinachong'aa, alafu mimina juu ya vikavu na ugeuze haraka kutoka chini kwenda juu mpaka usione oti hata moja nyeupe. Zabibu ziingie hapa. Mimina kwenye trei.

Na sasa bana. Mtu akiniambia granola yangu imemeguka yote, swali la kwanza namuuliza ulibanaje, na mara nyingi alisawazisha juu kwa kijiko akaacha. Hapana. Weka karatasi juu, chukua chupa ya soda au mti wa chapati, kandamiza kwa uzito wa mwili, kona zote, pita mara tatu. Mi namalizia na kitako cha sufuria ndogo, nagonga kama napiga kifusi cha sakafu. Unene wa kidole kimoja unatosha. Hewa iliyobaki katikati ya oti ndo inayomegua kipande.

Usikate ikiwa ya moto na usisubiri ipoe kabisa. Dakika kama 30 au 40, ukigusa chini ya trei iwe vuguvugu, toa nzima uweke kwenye ubao, kata kwa kisu kirefu kwa kukandamiza chini mara moja, usivute kisu mbele na nyuma kama unakata mkate. Futa kisu kwa kitambaa chenye maji ya moto kila baada ya mikato miwili. Alafu acha vipande vipoe vimeachana, saa moja nzima, kabla hujafunga. Ukivifunga na joto vinatoa jasho.

Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019 na wala hatuihitaji, mi nafunga kila kipande na karatasi ya kuokea, napanga kwenye kopo la maziwa lenye mfuniko unaobana. Nje vinakaa wiki moja vizuri, kwenye friji wiki mbili tatu. Zaidi ya hapo mafuta ya karanga yanaanza kuchacha, utasikia harufu kama ya rangi ya nyumba, usile. Kopo liwe mbali na jiko na mbali na dagaa pia, maana dagaa wa soko la Mwaloni harufu yao inaingia kwenye kila kitu na oti zinaibeba.

Kwa siku kipande kimoja kwa mtoto kinatosha, kina sukari bado hata kama ni ya asali, wapige mswaki usiku. Tukienda Ukerewe kwa ndugu wa mume wangu nabeba kumi na mbili, meli mpaka Nansio ni masaa kama matatu hivi na watoto wakishaona maji wanadai chakula, nawapa kipande na maji ya kunywa mpaka tunashuka. Shuleni kabla hujawapa wapeleke uliza kwanza kama kuna mtoto darasani mwenye mzio wa karanga, kwa sababu watoto wanagawiana. Kama yupo, toa karanga na siagi yake uweke mbegu za maboga na ufuta uliosagwa, kipimo kile kile.

Zile kingo zisizonyooka na chenga zinazobaki kwenye trei usitupe. Kusanya kwenye kikopo, asubuhi mimina maziwa mgando kwenye bakuli, nyunyizia juu vijiko viwili vitatu. Mume wangu ambaye vipande vya kubeba havijali kabisa, hicho kikopo anakitafuta kabla hajavaa viatu.