Kutuliza koo linalouma kwa tiba ya jadi ya Kichina na chakula

Kabla ya kuandaa chochote, fungua kinywa mbele ya kioo, kwa sababu tiba ya jadi ya Kichina hutenganisha koo jekundu lenye kuwaka, linalohesabiwa kuwa la joto, na koo linalowasha pamoja na baridi mwilini na kamasi nyepesi. La pili hupewa chai ya tangawizi. La kwanza halipewi, na hapo ndipo wengi wetu Uganda tunapokosea, maana tangawizi tunaitia katika kila kikombe.

Kwa koo la joto, chukua peasi, ambalo Kampala hupatikana katika soko la Nakasero, likate kichwa, toa mbegu, tia sukari mawe (sukari iliyoganda vipande vigumu kama mawe), kisha ulipike kwa mvuke ndani ya bakuli mpaka lilainike na kutoa maji yake. Kula nyama yake na unywe maji hayo yakiwa vuguvugu. Acha pilipili, vya kukaanga na waragi, pombe kali ya Uganda. Uji mwepesi unafaa zaidi.

Ukitumia asali kutuliza koo, usimpe kamwe mtoto chini ya mwaka 1. Homa kali, usaha kooni au shida ya kumeza ni mambo ya kituo cha afya, kwa kuwa maambukizi ya bakteria yasiyotibiwa huweza kudhuru moyo.