Ukuta wa Mawe wa Kuzuia Bahari Isile Ardhi: Vipimo, Ujenzi na Utunzaji

Kuta nyingi za pwani haziangushwi na wimbi linalozipiga usoni. Huanguka kwa sababu mchanga umechotwa chini ya mguu wake, au maji yamenasa nyuma yake yakausukuma, au bahari imepita pembeni na kula ardhi kwa nyuma. Kwa hiyo fedha ya kikundi kinachojenga ukuta iende kwanza kwenye yale ambayo mgeni rasmi hatayaona siku ya uzinduzi.

Jambo jingine lijulikane kabla ya kuchangisha: ukuta huokoa ardhi iliyo nyuma yake. Ufuo ulio mbele haupati chochote, na mara nyingi hupungua, kwa kuwa wimbi linalorudi kutoka ukutani huondoka na mchanga. Kama kasa hutaga kwenye ufuo wenu, wakikuta ukuta hawataupanda.

Mfano hapa ni kipande cha mita 100 kwenye pwani ya mchanga ya Tanzania bara inayotazama mashariki. Aina ya ukuta ni mteremko wa mawe yaliyopangwa bila saruji. Ukuta wa wima wa mawe na saruji huonekana nadhifu, lakini ukipata ufa mmoja umekwisha; mteremko ukitikisika, mawe hujipanga upya na kazi inaendelea.

Hatua ya 1: Pimeni mwaka mzima

Pigilieni vigingi kila mita 20, nyuma kabisa ya ukingo. Kila bamvua (siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida), maji yakiwa yamekupwa, pimeni kwa futi kamba kutoka kigingi hadi ukingo, kisha pimeni kimo cha mchanga chini ya ukingo. Upepo wa kusi hupeleka mchanga kaskazini, na upepo wa kaskazi hurudisha sehemu yake. Ukingo unaorudi nyuma mwezi Julai na kujaa tena Februari hauhitaji ukuta. Unaorudi nyuma mwaka mzima bila kujaa tena ndio wa kushughulikia.

Wakati huohuo ulizeni mchanga unakwenda wapi. Kama malori yanachota mchanga ufuoni au mtoni, anzeni hapo. Hakuna ukuta utakaofidia mchanga unaobebwa kila usiku. Kwenye hori lenye tope na maji tulivu, pandeni mikoko, ni nafuu mno. Ila msipande miche ya mikoko kwenye mchanga mtupu unaopigwa na mawimbi ya wazi. Itang'oka.

Hatua ya 2: Vibali

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuoni, kwa hiyo msianze kimyakimya. Pitieni mkutano mkuu wa kijiji, halmashauri, kisha NEMC, baraza la taifa la mazingira, kwa ajili ya tathmini ya athari kwa mazingira. Michoro isainiwe na mhandisi aliyesajiliwa. Hesabu zilizo hapa chini ni za kuwasaidia kumuuliza maswali, hazichukui nafasi yake. Waalikeni majirani wa upande wa kaskazini mapema. Sababu iko hatua ya 7.

Hatua ya 3: Hesabu ya wimbi na jiwe

Wimbi linalofika ukutani huzuiwa na kina cha maji: likizidi takriban 0.78 ya kina, huvunjika. Tafuteni kimo cha bamvua kubwa kabisa ya mwaka kwenye jedwali la maji la bandari, mkihamishe hadi eneo lenu kwa mpira wa maji wanaotumia mafundi kusawazisha. Kina kipimwe msimu ambao mchanga umeondoka. Mkipima msimu wa mchanga mwingi mtapata wimbi dogo la uongo.

Tuseme kina ni mita 1.3. Wimbi ni kama mita 1. Kwa mteremko wa mita 2 kwenda mbele kwa kila mita 1 ya kupanda, kanuni ya Hudson (hesabu ya wahandisi ya uzito wa jiwe linalostahimili wimbi) inatoa jiwe gumu (uzito kilo 2,650 kwa mita ya ujazo) la kilo 166, yaani wastani wa sentimita 40 kila upande. Wimbi likifika mita 1.2, jiwe linatakiwa kuwa kilo 287. Ongezeko dogo la kina linagharimu sana.

Hapa ndipo wengi hukosea: wanatumia jiwe la matumbawe kwa sababu liko karibu. Lenye uzito wa kilo 2,000 kwa mita ya ujazo, kwa wimbi lilelile la mita 1, linahitaji kuwa kama kilo 580. Bahari hulibeba jiwe jepesi kwa urahisi kuliko macho yanavyodhani. Kulijua ni rahisi: lowekeni jiwe usiku kucha, lipimeni kwenye mizani ya kuning'iniza likiwa hewani, kisha likiwa limezama kabisa kwenye pipa la maji yasiyo ya chumvi. Jiwe la kilo 10 likipungua kilo 5, ni la 2,000. Likipungua kilo 3.8, ni jiwe gumu kama yanayotoka machimbo ya Lugoba.

Kilele cha ukuta kiwe mita 1.2 juu ya bamvua kubwa. Maji bado yatarukia ndani siku za upepo mkali, kwa hiyo tandazeni mawe upana wa mita 2 nyuma ya kilele ili yasichimbe.

Mahitaji kwa mita 100, ukuta ukianza mita 1 chini ya mchanga: mawe makubwa mita za ujazo 800, mawe ya kati (kilo 15 hadi 17) mita za ujazo 300, na kitambaa cha geotekstaili (kinachopitisha maji na kuzuia mchanga) mita za mraba 1,100. Mawe hayo ni kama tani 1,800, yaani tripu 180 za lori la tani 10. Angalieni kama barabara ya kijiji itazibeba.

Hatua ya 4: Mguu

Chimbeni hadi mita 1 chini ya kimo cha chini kabisa cha mchanga mlichokipima, au hadi mwamba, kimojawapo kikitangulia. Mbele ya mguu lazeni mawe matatu makubwa kwa upana: mchanga ukichimbika, mawe haya yatateremka na kuziba shimo badala ya ukuta wote kuteleza.

Fanyeni kazi hii siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali. Upande wa Dar es Salaam, bamvua hukupwa zaidi karibu saa nne asubuhi, kwa hiyo kijiko (mashine ya kuchimba) kiwe kimeanza saa mbili. Msichimbe zaidi ya urefu wa mita 6 au 7 kwa siku. Mtaro ulioachwa wazi maji yakijaa hufukiwa wote, na kesho mnalipa dizeli ileile.

Hatua ya 5: Kitambaa

Kikosekana, mchanga hupenya katikati ya mawe kila maji yanapokupwa, ardhi ya nyuma inatitia, na watu husema ukuta "umezama". Tandikeni kikiwa kimelegea kidogo, kipande kimoja kikilalia kipande kingine kwa sentimita 50, na ncha ya chini izungushwe chini ya mguu. Msikiache juani wiki nzima. Viroba vya saruji vilivyoshonwa pamoja havifai kabisa.

Hatua ya 6: Mawe

Kwanza mawe ya kati, unene wa sentimita 35, yakiwekwa taratibu kuanzia chini. Kuyamwaga kutoka kwenye lori kunachana kitambaa, na tundu halitaonekana hadi mwaka wa pili. Juu yake safu mbili za mawe makubwa, unene wa sentimita 80. Kila jiwe liguse angalau mengine matatu. Msizibe nafasi kwa kokoto wala saruji. Nafasi hizo ndizo zinazomeza nguvu ya wimbi.

Hatua ya 7: Ncha, diko na maji ya mvua

Kwa kuwa mchanga wetu husafiri zaidi kuelekea kaskazini, ncha ya kaskazini ndiyo itakayoliwa. Huko Kunduchi, ambako matuta ya mawe yaliingizwa baharini kunasa mchanga, upande mmoja ulijaa na mwingine ukaliwa. Ukuta nao huhamisha tatizo kwa jirani. Pindisheni kila ncha iingie nchi kavu mita 8 hadi 10, na mteremko wa mwisho ulazwe zaidi.

Diko, mahali wavuvi wanapofikia, liachiwe njia ya ngalawa tangu kwenye mchoro. Lisipoachiwa, wavuvi watang'oa mawe wenyewe, na watakuwa na haki. Maji ya mvua ya kijiji yapite kwenye mfereji wake, yasishukie nyuma ya ukuta.

Hatua ya 8: Utunzaji

Kagueni baada ya kila bamvua la Machi na Septemba, na mwisho wa kusi. Tafuteni jiwe lililohama, kitambaa kinachochungulia, na shimo nyuma ya kilele. Kitambaa kikionekana, rekebisheni wiki hiyohiyo. Kwa ajili hiyo bakizeni tripu kumi za mawe makubwa kwenye ardhi ya kijiji, zikiwa zimeandikwa kwenye daftari la kamati, kwa sababu mawe mazuri yasiyo na mwenyewe hugeuka misingi ya nyumba.