Jarida lako lina wasomaji wangapi? Hatua za kuhesabu nakala na watu

Nimeuza matangazo ya majarida Dar es Salaam kwa miaka mingi, na swali la kwanza la mteja huwa ni lilelile: "Mna wasomaji wangapi?" Zamani nilikuwa nachukua nakala tulizochapa, nazidisha kwa kumi, natabasamu. Hiyo kumi niliirithi kwa aliyenitangulia kwenye kiti. Siku moja dada mmoja wa wakala wa matangazo akaniuliza kwa upole, "Kaka, hiyo kumi mliipima lini?" Sikuwa na jibu, na tangazo la kurasa mbili likaenda kwingine. Haya ndiyo ninayofanya tangu siku hiyo.

Hatua ya 1: Tenga karatasi na watu

Usambazaji ni nakala ngapi zimefika mikononi mwa watu. Usomaji ni watu wangapi wamezifungua. Ya kwanza unaipata kwenye vitabu vya stoo, ya pili haipatikani bila kwenda kuuliza watu. Andika kila moja kwenye karatasi yake.

Hatua ya 2: Hesabu nakala

Usianzie na usiishie kwenye idadi uliyochapa. Tuseme umechapa 5,000. Ondoa 150 zilizoharibika au zilizobaki ofisini. Ondoa 1,350 zilizorudishwa na mawakala wa mauzo. Ondoa na 400 ulizogawa bure hotelini na kwa wateja wa matangazo. Zinabaki 3,100: hayo ndiyo mauzo. Zile 400 unaruhusiwa kuzitaja, ila kwenye mstari wake, zikisomeka wazi kuwa ni za bure. Jarida linalogawiwa bure kama mkakati, mfano Fema lililozoea kupelekwa shule za sekondari Tanzania, huhesabiwa kwa hati za kupokelea zenye saini ya shule, si kwa kauli ya dereva.

Usifunge hesabu kabla marejesho hayajaisha kuingia. Na unapoyapokea, yaangalie. Niliwahi kufungua fungu la marejesho kutoka kwa muuzaji wa jirani na stendi, nikakuta nakala zina alama za vidole vya mafuta kwenye ukurasa wa mapishi, moja imekunjwa katikati kama ya mtu aliyesomea kwenye daladala. Alikuwa anazikodisha. Kwenye usambazaji nakala ile ni sifuri. Kwenye usomaji huenda ni watu wanne. Sikumgombeza sana, maana ndiye aliyenifanya nielewe kwa nini huwezi kuipata hesabu moja kutoka kwenye nyingine.

Hesabu yako mwenyewe haitoshi kwa mteja mkubwa. Atataka mkaguzi wa nje. Ugomvi huu ni wa siku nyingi. Marekani, wenye matangazo, mawakala wao na wachapishaji waliunda shirika la kukagua usambazaji, Audit Bureau of Circulations, mwaka 1914 kwa sababu kila mchapishaji alikuwa akijitajia namba aipendayo. Siku hizi inaitwa Alliance for Audited Media. Waingereza walianzisha ya kwao mwaka 1931.

Hatua ya 3: Tunga swali

Hapa ndipo kazi ilipo. Ukimuuliza mtu, "Je, unasoma jarida letu?" atasema ndiyo. Ni adabu tu. Mgeni amekuja mpaka barazani, utamvunja moyo?

Chapa kadi zenye nembo za majarida kadhaa, la kwako likiwa katikati. Uliza kwanza: "Katika miezi 12 iliyopita, ni yapi kati ya haya umewahi kusoma au kuperuzi?" Kwa kila alilotaja, uliza: "Ukiacha leo, mara ya mwisho ilikuwa lini? Nakala yoyote, mpya au ya zamani." Kama jarida ni la mwezi, anayehesabika ni yule aliyelishika ndani ya wiki nne zilizopita. La wiki, siku saba.

Utauliza: nakala ya Machi iliyosomwa saluni mwezi Agosti inahesabikaje? Inahesabika. Msomaji huyo wa Machi anasimama badala ya watu watakaoisoma nakala ya Agosti miezi ijayo. Kasoro ipo: anayerudia nakala moja miezi miwili anahesabiwa mara mbili, na anayesoma matoleo matatu kwa mwezi anahesabiwa mara moja. Njia nyingine ni ya mwishoni mwa miaka ya 1930: watafiti wa jarida la Life, Marekani, walikuwa wakimfungulia mtu toleo lenyewe ukurasa kwa ukurasa. Ni njia ya kuchosha, lakini ukiwa na jarida moja tu, ifanye kwa watu wachache ili upime majibu ya kadi.

Nyongeza ninayoipenda: weka kwenye kadi nembo ya jarida lisilokuwepo. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, mama mmoja alituambia analisoma kila mwezi na barua za wasomaji zinamfurahisha. Majibu ya namna hiyo yanakuonyesha kiasi cha chumvi kilichomo kwenye mengine.

Hatua ya 4: Chagua watu

Usiwaulize wanaokufuata Instagram wala waliolipia nakala. Chagua mitaa kwa bahati nasibu, kisha nyumba kwa kuruka idadi maalumu, kisha mtu mmoja ndani ya nyumba kwa bahati nasibu, si lazima yule aliyefungua mlango.

Hatua ya 5: Piga hesabu

Tuseme mji una watu wazima 200,000 kwa takwimu za sensa. Umehoji 600, na 18 wamelisoma ndani ya wiki nne. Hiyo ni asilimia 3, yaani wasomaji 6,000. Kama nakala 1,000 zilifika mji huo, kila nakala ina wasomaji 6.

Usikimbilie kuchapa. Kwa sampuli ya 600, ile asilimia 3 inaweza kuwa 1.6 au 4.4. Wasomaji ni kati ya 3,200 na 8,800, na kila nakala ina kati ya watu 3 na 9. Ukitaka kubana pengo hilo kwa nusu, hoji watu mara nne ya hao, yaani 2,400. Na sita ya mji huu usiipeleke mji mwingine.

Hatua ya 6: PDF na simu

Waliopakua PDF ni hesabu ya tatu. Usiwajumlishe na wa karatasi, maana wengi ni walewale. Ongeza swali kwenye dodoso lilelile. Uingereza utafiti wa usomaji ulioanza 1956 ulipisha mfumo wa PAMCo, unaounganisha karatasi na mtandao bila kumhesabu mtu mara mbili.

Hatua ya 7: Andika kwenye orodha ya bei

Mauzo, nakala za bure, wasomaji, tarehe ya utafiti, mji, idadi ya waliohojiwa. Nyuma yake bana nakala ya dodoso. Yule dada alipoiona, alianza kusoma na dodoso.