Vifuu vya nazi kuwa elektrodi ya betri ya sodiamu

Mkaa wa kifuu unaopikia chai hautafaa kwa elektrodi hasi ya betri ya sodiamu. Wala grafaiti ya betri za lithiamu haifai, kwani sodiamu haiingii vizuri kati ya tabaka zake. Tunataka kaboni ngumu: tabaka zilizopindapinda, zenye vijitundu katikati. Mwaka 2000 Stevens na Dahn, huko Kanada, waliitengeneza kwa glukosi ikabeba chaji ya miliampea-saa 300 hivi kwa gramu. Kifuu nacho hufika karibu na hapo.

1. Kwangua nazi iliyogandia, ondoa makumbi, osha, kausha kwa nyuzi 105 za Selsiasi usiku kucha, kisha ponda.

2. Choma kwa nyuzi 500 kwa saa 2 ndani ya argoni, gesi isiyoungana na kaboni. Saga, chekecha.

3. Loweka unga kwenye tindikali ya haidrokloriki ya mola 2 usiku kucha. (Vaa glavu na miwani.) Watu huiruka hatua hii, nami niliwahi kuiruka. Kifuu kina potasiamu na madini mengine yanayobaki kama majivu, na majivu hayabebi sodiamu. Yanakula uzito bure. Suuza kwa maji yaliyokenekwa hadi litmasi isibadilike rangi, kisha kausha.

4. Rudisha tanurini: panda nyuzi 5 kwa dakika hadi 1,300, kaa hapo saa 2, argoni ikipita muda wote. Usifunge gesi mapema! Nilifungua tanuri likiwa na nyuzi 400, unga ukashika moto mbele yangu.

5. Changanya sehemu 90 za kaboni, 5 za masizi ya kupitisha umeme na 5 za CMC (gundi itokanayo na selulosi) kwa maji. Koroga hadi uji uwe mzito bila madonge, paka kwenye karatasi ya alumini. Lithiamu ingedai shaba upande huu; sodiamu haiungani na alumini, na hapo ndipo gharama hupungua.

6. Kausha katika ombwe kwa nyuzi 110, kata visahani vya milimita 12. Unga betri ya kifungo ndani ya kisanduku cha argoni, kwa bamba la sodiamu na elektrolaiti (kimiminika kinachopitisha ayoni) yenye chumvi ya sodiamu ya NaPF6. Sodiamu ikigusa maji huripuka.

7. Pima kwa miliampea 30 kwa kila gramu ya kaboni. Mchoro mzuri wa volti hushuka kwa mteremko, kisha hulala tambarare chini ya volti 0.1. Tambarare ikikosekana, joto lilikuwa dogo. Mzunguko wa kwanza ukirudisha chini ya asilimia 70 ya chaji iliyoingia, shuku hewa iliyoingia tanurini: imekula kaboni, ikaongeza vitundu vinavyomeza sodiamu isitoke tena.