Miche ya kwenye viriba kiangazi hiki, tatizo sio maji tu

Wadau wa Tabora, mvua zikikata mwezi wa tano ndo zimekata, mpaka zije zirudi huko mwezi wa 11 na we una miche yako ya miembe ya kubebeshwa au michungwa ipo kwenye viriba (vile vimifuko vya nailoni vya kukuzia miche) inasubiri kupandwa, sasa wengi wanajua kazi ni maji tu, asubuhi kopo jioni kopo, halafu ikifika mwezi wa tisa mche unakauka na udongo juu umelowa kabisa.

Mti uliopandwa shambani mizizi yake iko chini kwenye ubaridi, ila wa kwenye kiriba cheusi unakingwa na nailoni tu, jua la saa tisa likipiga ubavuni vile vimizizi vyembamba vya pembeni vinaungua na ndo vinavyonyonya maji. Wenzetu wa nchi za baridi miti yao ya kwenye vyungu inakufa hivyohivyo, ila wao mizizi inaganda na barafu.

Kwa hiyo hamisha kwanza. Weka upande wa nyumba unaopata jua la asubuhi tu, au chini ya mwembe (Tabora hii mwembe haukosi), ibananishe miche ikingane yenyewe kwa yenyewe na ile ya pembeni zungushia tofali. Kwenye sakafu ya sementi usiweke, inatunza joto mpaka usiku.

Maji sasa. Chomeka kidole, ukikuta unyevu achana nao, ukikuta pakavu mwagia taratibu mpaka yatokee kwenye matundu ya chini. Ila kuna ujanja wa udongo hapa, ukishakauka sana unasinyaa unaachana na kiriba, ukimwaga maji yanapita pembeni yanatoka chini fasta unadhani umeshiba kumbe katikati ni vumbi. Huo mche zamisha kiriba kwenye beseni la maji, utaona mapovu yanapanda, yakiisha toa.

Kufunika juu ya udongo ni vizuri, lakini nyasi kavu kwetu ni kuita mchwa, mimi naona kokoto ni bora. Kagua chini ya viriba kila wiki, ukiona vijia vya udongo vinapanda bomoa mapema. Na mbolea ya urea kwa mche wenye kiu hapana jamani, unauchoma.

Majani yakidondoka usiung'oe kwanza, kwangua gome kidogo kwa ukucha, kama ndani ni kijani bado uko hai, punguza tu maji maana hauna majani ya kuyatumia.

Mvua ya kwanza pia inadanganya watu. Kigoma huwa zinawahi kidogo, ila popote ulipo chimba uone unyevu umeshuka mpaka wapi, kama urefu wa kiriba chako haujafika subiri, na wakati unasubiri anza kuizoesha miche jua kidogokidogo kwa wiki mbili tatu ndo upande.