Usitupe spika zako za zamani, nyingi zinafufuka ukiwa nyumbani tu

Ukigusa ukingo wa wufa (ile spika kubwa ya besi) ukakuta sponji inamomonyoka na vidole vimebaki vyeusi vinanata, usiite mtu wa skrepa na usikimbilie dukani kununua sabuufa ya mataa. Hapo kilichokufa ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye hilo boksi. Sumaku ipo, fremu ya chuma ipo, koili (waya uliosukwa unaosukuma koni, ile karatasi inayotikisika) mara nyingi nzima, twita (kile kispika kidogo cha sauti kali) inalia, na boksi zito la mbao ambalo ukitaka jipya la kiwango hicho leo utatoa hela ndefu, lote lipo. Hizi spika za miaka ya 70 na 80 walizotuletea mabaharia na ndugu waliokuwa Uarabuni au masomoni Ulaya zilitengenezwa kwa umakini mkubwa, na inaniuma sana kuziona zinaozea stoo kwa sababu ya kipande cha sponji.

Kwanza ujue sponji inakufa kwa nini. Ile ya ukingoni ni ya poliyurethani, aina ya plastiki, na poliyurethani inaliwa na hewa, unyevu na mwanga wa jua hata kama spika haipigwi kabisa, baada ya miaka 15 hadi 25 hivi inakuwa unga. Kwa hiyo mtu akikuambia hizi hazijawahi kupigwa kwa nguvu anaweza akawa anasema kweli kabisa na sponji bado ikawa imeoza, tena kwetu huku Pwani na hili joto ndio usiseme. Spika za Marekani kama AR-3a za miaka ya 70 na Advent kubwa ya 1969 zinajulikana dunia nzima kwa ugonjwa huu, na watu wanazibadilishia sponji mpaka leo zinaendelea kupiga. Zenye ukingo wa kitambaa kama JBL L100 ya 1970, au wa mpira, hazina shida hiyo, ukingo wake unadumu sana, hizo usiziguse pembeni, tafuta ugonjwa kwingine.

Sasa kabla hujashika bisibisi hakikisha mgonjwa ni spika kweli. Zima ampu, waya wa spika ya kushoto uchomeke kwenye spika ya kulia na wa kulia kwenye ya kushoto, washa tena. Kama ubovu umehama ukaenda spika ya pili basi tatizo ni ampu au waya, spika yako haina kosa. Kama umebaki palepale ndio ufungue. Toa wufa, chomoa nyaya zake (piga picha na simu kwanza uone ipi ilikuwa chanya, usiamini kichwa chako), halafu pima na mita ya umeme kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme). Wufa ya omu 8 itakusomea kama 5.5 mpaka 7, ya omu 4 itasoma 3 na kitu, hiyo ni kawaida kabisa usishtuke. Isiposoma chochote, koili imekatika au kale kawaya kanakotoka kwenye koni kamekatika, kawaya kanachomelewa tu na risasi, koili ni kazi ya fundi wa kusuka spika. Halafu weka vidole vya mikono yote miwili kwenye koni, sukuma taratibu iingie ndani ikiwa sawa, usikilize. Ikienda kimya koili ni nzima, ikikwaruza kama mchanga koili imevimba kwa moto au imekaa upande.

Ukishajua ni sponji, pima na rula kabla ya kununua, na hapa ndio wengi wanapoteza hela. Usiende dukani useme naomba ya inchi 10, kwa sababu inchi 10 ya kampuni hii sio sawa na ya kampuni ile. Pima kipenyo cha koni, pima kipenyo cha pale sponji inapokaa kwenye fremu ndani na nje, pima upana wa lile tumbo la sponji, uangalie pia ilibandikwa juu ya koni au chini yake na kama ukingo wa ndani umelala au una mteremko. Kama ilikuwa sponji rudisha sponji, usiweke mpira mzito eti utadumu zaidi, utadumu kweli lakini besi itabadilika kwa sababu koni haitacheza tena kwa ulaini ule uliokusudiwa. Zunguka Kariakoo au kama uko Nairobi nenda Luthuli Avenue na vipimo vyako mkononi, zikikosekana agiza mtandaoni kwa jina na modeli ya spika.

Kuvua ya zamani ni kazi ya subira. Kwangua na kisu kisicho kikali sana, mabaki ya gundi lainisha kwa spiriti na pamba za masikio, fremu isugue mpaka ibaki chuma kitupu. Koni ya karatasi usiilowanishe, pangusa kidogokidogo, na gundi ya zamani ikikataa kutoka kwenye karatasi mradi iko laini na imekaa flati iache, kuliko uchane koni. Bisibisi ishike kwa nguvu ukiwa karibu na wufa maana ile sumaku inaivuta ghafla na koni inatoboka hivihivi unaona.

Gundi tumia ile nyeupe inayokauka ikawa angavu. Supa gluu hapana, na ile ya viatu pia hapana kama ndio mara yako ya kwanza, ikishagusa imegusa huwezi kuisogeza. Anza na ukingo wa ndani, bandika kwenye koni, bonyeza kwa kidole ukizunguka duara lote zaidi ya mara moja, acha mpaka kesho yake.

Ukingo wa nje ndio wenyewe, kwa sababu koili lazima ikae katikati kabisa ya tundu la sumaku na nafasi yenyewe haifiki hata milimita moja. Kuna njia mbili. Ya uhakika ni kukata kile kikofia cha katikati kwa wembe mpya, kisha unaingiza vipande vyembamba vya plastiki au filamu ya eksirei kati ya koili na nguzo ya chuma, vinne au zaidi vikiwa vimepishana sawasawa, vibane kidogo tu, ndio unagundisha ukingo wa nje, ikikauka unavitoa na kurudisha kikofia. Ya pili haikati kitu, unaunganisha wufa na ampu, unapiga toni ya 30 Hz (mlio mzito wa besi) kutoka kwenye simu kwa sauti ndogo koni itikisike kidogo, huku unabandika na kusogeza mpaka isikwaruze popote. Mimi kwa wufa ya thamani naenda na ya kwanza. Njia yoyote utakayochukua, gundi ikiwa bado mbichi endelea kusukuma koni kwa vidole na kusikiliza, ukisikia mkwaruzo sogeza upande ule, halafu iache saa 24 bila kuigusa, hata kama unatamani sana.

Kama sponji ni nzima ila sauti imefifia, twita inasikika kwa mbali, angalia krosova, ile saketi inayogawa sauti kati ya wufa na twita. Mle ndani kuna kapasita za elektroliti (vikopo vidogo vya kuhifadhi chaji ya umeme) na hizo zinakauka na umri. Soma namba iliyoandikwa, mfano 4.7 µF, nunua ya namba hiyohiyo na volti sawa au zaidi, lakini iwe ile isiyo na chanya wala hasi, za kwenye redio na tivii zenye mstari wa hasi hazifai hapa kabisa. Za filamu zinadumu zaidi ila ni kubwa na twita inaweza ikawa kali kidogo kuliko ulivyozoea. Badilisha kapasita za spika zote mbili kwa pamoja ili zisipishane sauti. Na kama nyuma au mbele kuna kile kitufe cha kuongeza na kupunguza twita, kizungushe mara nyingi kwanza, kipulizie spreyi ya kusafishia kontakti, kutu ya pale peke yake inatosha kuua sauti.

Kitu kimoja nakuomba sana ndugu yangu, fundi akikuambia nitoe hii nikuwekee wufa nyingine mpya ina wati nyingi, kataa. Wufa, boksi na krosova vilihesabiwa pamoja, ukubwa wa boksi umefuata tabia ya wufa ile. Ukiweka nyingine yoyote italia, ndio, lakini spika uliyoipenda haipo tena.

Boksi lenyewe likague chini, chipbodi ikinyonya maji inavimba na mchwa wanaipenda, tia gundi ya mbao, bana na klampu, piga msasa, ziba kila panapovuja hewa. Kwa boksi lisilo na tundu jaribu hivi ukishafunga kila kitu, sukuma wufa taratibu uiachie, ikirudi pole pole hewa haivuji, ikirudi chap pana uvujaji mahali.

Kabla ya kupiga gusisha betri ya rimoti kwenye wufa, chanya kwa nyekundu, koni inatoka nje. JBL nyingi za zamani zinafanya kinyume, zinaingia ndani, na hazina ubovu, kampuni ilizitengeneza hivyo. Muhimu kushoto na kulia zifanye sawa, la sivyo besi inapotea. Siku za mwanzo piga kwa sauti ya wastani sponji ilainike, na spika ziondoe pale dirishani jua linapopiga, kitambaa cha mbele kikae muda wote.